SHAHADA YA UTUMISHI: TUPIME DENI KABLA YA KUVAA JOHO

Mwezi unapoelekea ukingoni, katika ofisi nyingi za utumishi nchini hufanyika kazi moja isiyo na shangwe. Afisa utumishi huketi na orodha ya mishahara, akapitia jina moja baada ya jingine: huyu kapandishwa cheo, yule yuko katika likizo ya uzazi, mwingine kafariki dunia na jina lake lapasa kuondolewa mara moja ili Taifa lisilipe mshahara hewa. Kisha hufika kwenye safu ya makato ya mikopo ya elimu ya juu. Hukagua makato ya mwalimu, ya mganga na ya mhandisi. Mwishowe hukutana na jina lake mwenyewe. Yeye ndiye mkataji, na yeye ndiye mkatwaji.

Mwandishi wa makala haya si afisa utumishi, lakini jina lake limo katika safu hiyo, wala haoni aibu kulisema. Alisoma kwa fedha za wananchi, na anazirudisha kidogo kidogo ili mtoto wa mwananchi mwingine naye asome. Basi anayoyaandika leo si malalamiko ya mtu asiyetaka kulipa. Ni hesabu ya mtu aliyekwisha kuonja.

Hesabu hiyo ni ya lazima. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, maelfu ya vijana wetu na wazazi wao hujiuliza swali lile lile: mtoto akasomee nini? Miongoni mwa majibu yanayotolewa kwa wepesi ni usimamizi wa rasilimali watu, ambao wazee wetu waliuita kwa neno fupi na zuri zaidi, utumishi. Haihitaji maabara, haidai hisabati ngumu, na kila ofisi yenye watu yaonekana kuihitaji. Lakini je, mshahara wake wafaa kubeba deni lake? Swali hili laulizwa kwa minong'ono mabwenini na vibarazani. Ni vema tukaliuliza hadharani, tena kwa tarakimu.

DENI LENYEWE

Tuanze na historia, maana asiyejua atokako hajui aendako. Kukatwa kwa mshahara wa msomi si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1966 Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo watapokea asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mjini Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Fundisho lilikuwa wazi: aliyesomeshwa na umma ana deni kwa umma, na kiongozi naye huonyesha njia.

Zama zile deni lilikuwa la heshima na la utumishi, bila shilingi zilizoandikwa daftarini. Katika miaka ya 1990 nchi iliingia katika utaratibu wa kuchangia gharama, na kuanzia mwaka wa masomo 1994/95 mwanafunzi akaanza kukopeshwa. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na makato ya mdaiwa aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza. Adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa mwaka huo huo.

Hatua ile haikuwa ndogo. Tuseme mtu anadaiwa shilingi 9,000,000. Asilimia 6 ya fedha hizo ni shilingi 540,000 kwa mwaka, yaani shilingi 45,000 kila mwezi, kabla hata shilingi moja ya deni la asili haijapungua. Mdaiwa alikuwa kama mchota maji kwa pakacha. Leo pakacha limezibwa. Anachokatwa kinalipunguza deni, nalo lina mwisho unaoonekana.

HESABU YA MWEZI

Sasa tumchukue kijana wetu wa mfano. Kasomea shahada ya utumishi kwa miaka mitatu, na mkopo wa ada, chakula, malazi na vitabu umefikia hizo shilingi 9,000,000. Kaajiriwa katika utumishi wa umma kwa mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mtu aziweke zake mahali pake.

Mfuko wa hifadhi ya jamii huchukua asilimia 5, yaani shilingi 35,000. Bima ya afya huchukua asilimia 3, yaani shilingi 21,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni shilingi 49,000. Jumla ya hayo matatu ni shilingi 105,000. Kisha huja mkopo: asilimia 15 ya shilingi 700,000, nayo ni shilingi 105,000. Angalia vema, ndugu msomaji. Deni la shule peke yake lalingana na kodi, bima na akiba ya uzeeni vikijumlishwa. Kijana huondoka na shilingi 490,000.

Katika fedha hizo alipe chumba, nauli na chakula, na amkumbuke mama aliyeuza mbuzi ili yeye apate nauli ya kwenda chuoni. Si maisha ya anasa, wala si ya kufa njaa. Na kwa shilingi 105,000 kila mwezi, deni la shilingi 9,000,000 humalizika katika miezi 86, yaani miaka saba na miezi miwili. Mshahara ukipanda, muda hupungua.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: kwa aliyepata kazi mapema, deni la shahada ya utumishi ni mzigo unaobebeka. Wale wanaowatisha vijana kwamba mkopo ni kitanzi hawasemi kweli yote.

Lakini iko kweli nyingine, nayo ndiyo nzito. Laiti kijana huyu asingekuwa na deni, angepeleka nyumbani shilingi 595,000 kila mwezi. Akikaa mtaani miezi 15 akizungusha bahasha, anakuwa amekosa shilingi 8,925,000. Hiyo karibu ni sawa na deni lake lote! Miezi 15 si mingi. Wengi tunawajua waliosubiri mara mbili ya hiyo. Na katika muda huo deni halilali. Hata aliyejiajiri hutakiwa kulipa si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi, hali kibanda chake cha kuuzia vocha pengine hakimpi faida ya kiasi hicho.

Basi kinachoitafuna shahada ya utumishi hasa ni miaka ya kusubiri, kuliko yale makato ya asilimia 15. Kijana anayepima deni na mshahara tu, bila kuutia muda wa kusubiri katika mizani, amepima nusu ya gunia.

KAZI IPO, WAAJIRI HAWAJAIONA

Hapa mwenye mashaka atauliza: kama kazi hazipo, kwa nini tusiwaambie vijana waiache fani hii kabisa wakasomee uuguzi au umeme? Jibu letu ni kwamba kazi ya utumishi ipo, tena ni kubwa, ila sehemu nyingi inafanywa na asiyeijua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni za mwaka 2007 zikaeleza kwamba mfanyakazi anayetuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na aruhusiwe kuwa na mtu wa kumwakilisha. Zipo siku 28 za likizo ya mwaka, zipo siku 84 za likizo ya uzazi, zipo saa 45 za kazi kwa juma. Nani anayajua hayo katika kampuni ya ulinzi yenye walinzi mia mbili, katika shule ya binafsi, katika hoteli, katika kampuni ya mabasi? Mara nyingi ni mhasibu aliyeongezewa kazi, au mpwa wa mwenye mali. Siku moja mwajiri humfukuza dereva kwa hasira, shauri likafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye akaamriwa kulipa fidia ya mishahara ya miezi kadhaa. Kwa shauri moja tu huenda akalipa zaidi ya ambacho angemlipa afisa utumishi kwa nusu mwaka. Rahisi ghali.

Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba nchi hii iliupata ukweli huo zamani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea unyapara na kiburi cha viongozi katika ibara yake ya 15. Miaka michache iliyofuata, migomo ilizuka katika viwanda na mashirika, na mingi kati yake ilitokana na matusi na dharau za mameneja kuliko na mishahara. Wafanyakazi walikuwa tayari kuvumilia mshahara mdogo, lakini si kufokewa kama watoto. Afisa utumishi mwema ndiye anayesimama kati ya meneja na mfanyakazi kabla mambo hayajafika huko. Kazi hiyo ina thamani, na haitegemei kama kiwanda ni cha umma au cha mtu binafsi.

Tatizo ni kwamba waajiri wanapoitangaza kazi hiyo, aghalabu huandika: uzoefu wa miaka mitatu. Kijana aliyevua joho jana auokote wapi uzoefu huo? Kama kila mwajiri anataka mwenye uzoefu, na hakuna anayetaka kuutoa, basi tunamlea mtoto kwa kumkataza kutembea mpaka ajue kutembea. Mwajiri anayewachukua wahitimu wawili watatu kila mwaka, akawafundisha kazi kwa posho ya haki kisha akachagua walio bora, hapotezi. Anajipimia kabla ya kuajiri.

NJIA MBILI ZA KUFIKA

Turudi kwa kijana aliyeshika fomu mkononi. Mara nyingi huonyeshwa njia moja tu: kidato cha sita, chuo kikuu, joho, kisha subira. Ipo njia ya pili, nayo ina nasaba ndefu. Mzumbe, mkoani Morogoro, mafunzo yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya machifu na watumishi wa serikali za mitaa za wakati wa ukoloni. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu. Kwa miongo mingi waliopita hapo walikuwa wametoka kazini na wakarudi kazini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo lilitaka kijana afanye kazi kwanza, ndipo aende Chuo Kikuu.

Hatusemi Azimio lile lirudishwe kama lilivyokuwa. Liliwaumiza wasichana, ambao wengi wakishaingia kazini na katika ndoa hawakupata tena nafasi ya kurudi darasani, hata ikabidi wao waondolewe sharti hilo mapema. Lakini ndani yake mlikuwa na kiini kimoja ambacho fani ya utumishi yakihitaji kuliko fani nyingi: kusimamia watu hujifunzwa miongoni mwa watu.

Tufanye hesabu ya njia hiyo. Kijana wa pili anasoma stashahada ya utumishi au ya utunzaji kumbukumbu, anapata kazi masijala au katika ofisi ya kampuni kwa shilingi 450,000 kwa mwezi. Baada ya mfuko wa hifadhi wa asilimia 10 na kodi, hubakiwa na shilingi 394,200. Anajiandikisha shahada ya masomo ya jioni kwa ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa muda wa miaka mitatu. Anabaki na shilingi 294,200 za kuishi. Ni dhiki, tusifiche. Lakini linganisha: yeye hutoa shilingi 100,000 kwa miezi 36, na mwenzake hukatwa shilingi 105,000 kwa miezi 86. Na siku ya kuvaa joho, huyu wa pili hana deni, na ule uzoefu wa miaka mitatu ambao matangazo yote hudai anao tayari mfukoni.

Hata hivyo njia hii si ya kila mtu. Masomo ya jioni hupatikana zaidi mijini. Stashahada nayo yahitaji ada, na mikopo ya ngazi hiyo ilipoanza kutolewa mwaka 2023/24 ilielekezwa katika fani za kipaumbele kama vile afya, kilimo na uhandisi. Mtoto wa mkulima ambaye hakuna wa kumlipia ada ya stashahada, lakini amepata mkopo wa shahada, huyo asiogope. Achukue mkopo, asome kwa bidii, na likizo zote azitumie kutafuta mahali pa kujifunza kazi, hata bila malipo makubwa, ili miezi yake ya kusubiri iwe michache. Kila mwezi anaouokoa una thamani ya karibu shilingi 600,000.

YATUPASAYO

Yapo mambo matatu ambayo, kwa maoni ya mwandishi, yapasa kufanywa.

La kwanza ni kusema kweli mapema. Kabla kijana hajatia sahihi mkataba wa mkopo, apewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoonyesha jumla ya deni lake la miaka mitatu, makato yake kwa mishahara ya viwango mbalimbali, na idadi ya miezi ya kulipa. Vyuo navyo vieleze waziwazi, fani kwa fani, wahitimu wao walipata kazi baada ya muda gani. Muuza ng'ombe mnadani hukubali mnyama wake akaguliwe meno. Kwa nini chuo kiogope?

La pili ni kuutazama upya usawa wa asilimia 15. Kodi ya mapato hupanda ngazi: mwenye kidogo hutozwa kidogo, mwenye kingi hutozwa zaidi. Makato ya mkopo hayana ngazi. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 hukatwa shilingi 75,000 ambazo ni unga na nauli ya nyumba yake. Mwenye shilingi 2,500,000 hukatwa shilingi 375,000 na bado anazo za kujengea. Asilimia ni moja, maumivu si mamoja. Ingefaa mwenye mshahara wa chini akatwe asilimia 8 ya zamani, wa kati abaki na 15, na aliyepanda juu atoe zaidi. Tunajua pingamizi lake. Kwa asilimia 8, kijana wetu wa shilingi 700,000 angelipa shilingi 56,000 kwa mwezi na kukaa na deni miaka kumi na mitatu na ushei, na fedha zinazochelewa kurudi ndizo ambazo zingemsomesha mdogo wake. Pingamizi hilo ni la kweli. Ndiyo maana tunasema ngazi iwe na pande mbili, ili anachopunguziwa wa chini kifidiwe na aliyekwisha kufanikiwa kwa mkopo ule ule.

La tatu latuhusu sisi wadaiwa. Mwalimu alipata kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila, kisha asirudi, amewasaliti. Kati yetu wamo waliopata kazi nzuri, nao wakajificha nyuma ya mikataba isiyoeleweka ili majina yao yasifike kwenye safu ile. Hao hawaikwepi Bodi. Wanamkwepa mtoto aliyeko kidato cha sita leo, anayesubiri zamu yake ya kula.

Basi kijana unayetaka kuisomea fani ya utumishi, usikimbizwe na woga wala usivutwe na joho. Chukua kalamu. Andika deni utakalokuwa nalo, andika mshahara wa kazi unayoitazamia, toa makato, kisha uliza wahitimu watatu wa fani hiyo walisubiri miezi mingapi. Ukiona yabebeka, jitwishe na uende. Siku moja utaketi mbele ya orodha ya mishahara, ufike kwenye jina lako, nawe ukubali kukatwa kwako bila kinyongo, ukijua tangu mwanzo mzigo ulikuwa na uzito gani na mwisho wake uko wapi.